Kondoo Mmoja Amezidi

Enid Metcalfe aliiweka picha yangu mezani,
kati ya sahani ya biskuti na miwani yake ya pili,
akaikodolea macho mpaka chai ikapoa.
"Kuna kondoo mmoja amezidi," akasema.

Ilikuwa picha ya bonde la Swaledale, Februari:
theluji mpya juu ya nyasi za mwaka jana,
kuta za mawe yasiyojua saruji zikipanda kilima,
ghala la majani makavu limejiinamia,
na kondoo saba.
Nilijivunia hao saba.
Nilitoka zamu ya usiku hospitalini Northallerton,
nikasimama saa nzima kwenye tope lililoganda,
vidole vimekufa ganzi, nikiwasubiri wageuke.

Akachukua vipande viwili vya kadibodi,
kila kimoja kimekatwa kama pembe ya mlango,
akavisogeza, akavisogeza tena.
Upande wa kulia ukafa, na yule wa saba
aliyekuwa akiondoka kama mgeni asiyeaga.
"Kitu kikifika ukingoni, ama kiingie ama kitoke.
Kisibembeleze."
Mbingu nayo akaikata nusu.
"Haina neno la kusema. Mbona umeipa baraza yote hii?"

Nikamkumbuka shangazi Mwanakombo, kule Kipumbwi,
akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti,
nane, nane, nane,
na ya tisa akaitoa kama chuya kwenye mchele
hata kama neno lenyewe lilikuwa zuri.
Hasa kama lilikuwa zuri.

Kisha tukaja kwenye rangi, yaani pasipo rangi.
"Theluji yako kijivu. Kivuli chako kijivu.
Kila kitu kimekubaliana. Nani aliwapatanisha?"
Kipimamwanga, nikajitetea.
Chenyewe huamini dunia yote ni jivu:
ukikielekeza kwenye weupe kinaingiwa na hofu,
kinaupaka majivu.
"Basi usikitii," akasema. "Fungua hatua moja na nusu."

Chumba chake cha giza kilikuwa stoo ya makaa.
Taa nyekundu. Harufu ya siki.
Mikono yake hutetemeka siku hizi, kikombe humshinda,
lakini alipokinga ghala kwa kiganja chini ya mwanga
tetemeko lile lile likalainisha ukingo wa kivuli,
usijue mkono ulipita wapi.
"Angalau huku kuna kazi ya ugonjwa," akacheka.

Karatasi ikalala ndani ya dawa, tupu.
Kuta zikatangulia, nyeusi za kaniki.
Likafuata paa la ghala, masizi ya sufuria,
kisha mlango wake, risasi,
kisha kilima cha nyuma, jivu la mkaa,
na mgongo wa kondoo wa karibu, mvi.
Nikaingoja theluji ije. Haikuja.
Theluji ni karatasi yenyewe, ile iliyoachwa,
na juu yake alama hafifu za kwato
kama uzi katika bafta.

Nikanyamaza.
Enid akaitoa kwa koleo, ikidondosha maji,
akaitazama, akasema ukuta wa kushoto
ungeweza kuwa mweusi zaidi.

Jumamosi nilirudi kwenye kiwanja cha Clifford Raw.
Theluji ilishayeyuka, imebaki michirizi
chini ya kuta, upande usioona jua.
Nilichuchumaa mpaka ukuta ukaingia kwa pembeni,
nikatembea hatua tatu kushoto, nikarudi mbili.
Sikupiga.
Clifford akauliza nimepoteza nini.

Kile kipande kilichokatwa ninacho
ndani ya kabati langu la kazini, nyuma ya sare.
Nusu ya kondoo, anakwenda nisikokujua,
na theluji ya kijivu, kosa langu mwenyewe, imemzunguka.
Enid alisema nikitupe.
Nimekusudia kukitupa.